Justa Ngosha wa Nyakaselya na Majibu Aliyotoa Mdogo Wake

Mchungaji, Mwenyekiti wa Mtaa, ndugu wa ukoo, wakwe zetu mliosafiri kutoka Rorya, majirani wa Pasiansi, Kirumba na Kiseke, na watu wote wa mwalo huu wa wavuvi, mnaombwa mkae vizuri, kwa sababu historia hii si fupi kama ilivyotangazwa. Ile iliyopitishwa na kikao cha familia jana ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, ilisema kwamba marehemu alishiriki kikamilifu katika maendeleo ya mtaa wake, maneno ambayo yangeweza kusomwa kwa mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano, na msomaji, yaani mdogo wake Shigela, alikaa nayo mkononi mpaka jasho likafuta wino, akashindwa kuikubali. Hii ameiandika upya kwa mkono wake, binti mkubwa wa marehemu, Gladness, ameipitia na kusema isomwe, na kwa kuwa msomaji hutajwa kwa jina kama ndugu wengine, humu Shigela ataitwa Shigela tu, na pale anapostahili kulaumiwa msimwonee huruma eti kwa sababu amefiwa.

Justa binti Ngosha alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 hapa hapa Nyakaselya, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ngosha Masalu, mfugaji aliyekuwa na ng'ombe wengi na maneno machache, na Mama Teodora, mkata mafunjo na msukaji wa majamvi, ambao wote wametangulia mbele za haki. Mama yake alikuwa akimbeba mgongoni na kuingia naye majini mpaka kiunoni, kwa hiyo Justa aliyajua mafunjo ya ghuba hii kabla hajajua kutembea, alijua korongo anataga wapi, sato anachimba kiota chake upande gani, fisi maji anamtoa mtoto wake shimoni mwezi gani, wakati sisi wengine tulikuwa tunaona majani tu. Baada yake walizaliwa wawili ambao Mungu aliwachukua wakiwa wachanga, halafu tarehe 2 Machi 1968 akazaliwa Shigela, wa mwisho, mwenye kulia kuliko wote.

Alianza darasa la kwanza Januari 1969 na kumaliza la saba mwaka 1975, akachaguliwa kwenda sekondari, mmoja wa wasichana wawili tu katika shule nzima, barua ikaja, baba akanunua sanduku la bati la rangi ya kijani, na sanduku hilo halikwenda popote. Mama Teodora aliugua Desemba ya mwaka huo huo, akalala kitandani karibu mwaka mzima, akafariki tarehe 3 Novemba 1976, na Justa, msichana wa miaka kumi na mitano, alimwambia baba kwamba sanduku lile litafaa kuwekea nguo za Shigela. Hakulisema kwa uchungu, wala hakulirudia tena maishani, ila alimchukua huyo mtoto wa miaka minane, akamwogesha, akampikia, akamchapa alipostahili, na jioni akamfundisha kusoma kwa kumshikia kidole juu ya maandishi ya karatasi ya sabuni. Huku kusoma mnakokusikia sasa, jamani, ni kwake kulikotoka.

Tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa takatifu kanisani Kirumba na Otuoma Oyoo, kijana wa Shirati, fundi wa mashine za boti, mrefu, mcheshi, ambaye alipoambiwa kwamba bibi harusi anakuja na mdogo wake wa miaka kumi na sita alijibu kwamba hilo halina neno, nyumba ya fundi haikosi kazi ya mikono miwili zaidi. Walijaliwa watoto watatu, Gladness aliyezaliwa 1985, Akinyi aliyezaliwa 1988 na Obedi aliyezaliwa 1993, na wajukuu saba, na ni katika nyumba hiyo ya Kirumba, kwa gharama ya dada na shemeji, Shigela alijifunza ufundi wa mitumbwi, akapata chakula, akapata godoro, akapata pia ulimi mrefu ambao baadaye umemponza.

Kuanzia mwaka 1994 hadi 2006 marehemu alifanya kazi ya kukata minofu ya sangara kiwandani, miaka kumi na miwili ya kusimama kwenye sakafu yenye maji baridi akiwa amevaa buti za mpira, na hapo ndipo miguu yake ilipoanza kumsumbua. Mumewe Otuoma alifariki kwa kisukari tarehe 5 Mei 2007, na mwaka huo huo Justa alirudi Nyakaselya, akajenga vyumba viwili katika kiwanja cha baba, akaanza kuanika dagaa kwenye chanja, na kila alfajiri kabla ya kugeuza dagaa alikwenda kusimama ukingoni mwa mafunjo, anaangalia tu, mpaka akina mama wenzake wakamuuliza kama kuna mchumba anayemngojea mle ndani.

Mwaka 2010 alichaguliwa kuwa katibu wa kikundi cha ulinzi wa mwalo, ambacho wote tunakiita BMU, akashika nafasi hiyo kwa vipindi vitatu. Mwaka 2011 alisimama kwenye mkutano na kushawishi kwamba wavu wowote usiingie ndani ya mafunjo ya ghuba, kwa sababu sato wanazaa humo na wakivuliwa humo hakuna watakaotoka nje, na wavuvi walinuna mwaka mmoja, mwaka wa pili wakaona sato wamerudi wakubwa hadi nje ya ghuba, wakaacha kununa. Wote isipokuwa Shigela, ambaye alijiona ana haki ya kupenya kwa kuwa katibu ni dada yake, na aliyekamatwa na wanakikundi tarehe 16 Agosti 2013 akiwa na kokoro, wavu wa kukokota unaozoa hadi wachanga, katikati ya mafunjo, amejaza ndoo nne za sato wadogo wasiozidi kiganja.

Watu walisema katibu atafanya nini sasa, damu ni damu, na kesho yake Jumamosi, nyavu zilizokamatwa zilipoletwa kuchomwa moto hadharani, Justa aliishika ile ya Shigela mwenyewe, akaitupa motoni ya kwanza, moshi wake mweusi ukamwingia machoni akaanza kupiga chafya, na watoto wakacheka. Shigela hakumsalimia dada yake kwa miezi kumi. Hilo linatajwa kwa sababu lazima mlijue kabla ya kusikia yanayofuata, na kwa sababu hadi leo Shigela akijiuliza usiku na mchana kama alichokifanya baadaye kilikuwa mazoea tu au kilikuwa na chembe ya kisasi ndani yake, hapati jibu la kumridhisha.

Tarehe 9 Juni 2021, siku ya Jumatano, marehemu alikuwa Kiseke kwa Gladness aliyekuwa ametoka kujifungua kwa upasuaji, na hapa mwaloni walikuwepo wanaume watano wakishona nyavu, Shigela akiwa mkubwa wao. Ikaja boti nyeupe, wakashuka watu wawili wamevaa makoti ya kuokolea maisha ya rangi ya machungwa, mwanamume mmoja na dada mmoja kijana, mikononi wana karatasi zilizobanwa kwenye ubao, na mvuvi yeyote aliyekaa hapa anajua kwamba mtu mwenye boti nyeupe na karatasi ni doria, na doria ilikuwa imepita mwalo wa jirani wiki iliyotangulia na kuondoka na nyavu za watu. Na kila mvuvi anajua jibu la doria, alilopewa na baba yake, kwamba ukiulizwa una nini, huna, ukiulizwa umeona nini, hujaona, ukiulizwa samaki wako wapi, hata wewe unawatafuta.

Wale watu walijitambulisha vizuri, walisema wao ni wataalamu, wanafanya tathmini ya mazingira kwa ajili ya hoteli ya kitalii inayokusudiwa kujengwa katika ghuba, na wanataka kujua kutoka kwa wenyeji humu ndani kuna nini ili kisije kikaharibiwa. Shigela aliwasikiliza kwa adabu zote, akaitikia kwa kichwa, na moyoni akasema hawa wamekuja na mbinu mpya. Walipouliza kama samaki wanazaa kwenye mafunjo, akasema samaki wa kuzaa waliisha zamani, walipouliza wanyama, akasema labda vyura, walipouliza ndege, akasema kunguru, walipouliza kama watu wa hapa wanayategemea yale mafunjo kwa lolote, akasema ni kichaka tu cha mbu, kikifyekwa ni nafuu kwa watoto. Yule dada akarudia mara ya pili, baba, hata fisi maji hamna, na saa ile ile fisi maji mmoja akapiga mluzi wake ndani ya mafunjo, mluzi mwembamba kabisa ambao mgeni hawezi kuujua, na Shigela akakohoa kwa nguvu kuufunika, akasema hapana binti yangu, hao tunawasikia redioni.

Akaandikiwa, akasomewa, akatia saini, namba ya simu chini yake. Boti ilipoondoka wale wanne walimpigia makofi, wapo hapa leo, hawatatajwa kwa sababu wanajijua na kwa sababu aliyejibu alikuwa yeye, na wiki nzima kijiweni walirudia kile kikohozi na kucheka mpaka kushika mbavu. Justa aliporudi kutoka Kiseke hakuna aliyemweleza, maana lilikuwa jambo la kawaida tu, doria imekuja, doria imepigwa chenga, doria imekwenda zake.

Tarehe 12 Februari 2022 uliitishwa mkutano wa wananchi, wakaja watu wa kampuni, wakaja maafisa, ikabandikwa picha kubwa ya nyumba ndogo ndogo zilizoezekwa kwa nyasi, ufukwe mweupe wa mchanga na gati la boti za wageni, na mahali penye mafunjo pakawa na bwawa la kuogelea. Justa alisimama, akavuta kanga yake vizuri mabegani, akasema yeye hapingi hoteli, vijana wanahitaji kazi na wageni ni baraka, hoteli ijengwe hata kesho kule upande wa pili kwenye miamba ambapo pako wazi, ila mafunjo yasiguswe, kwa sababu sato wa mwalo huu wote wanazaliwa humo, korongo wanataga humo, na kuna familia tatu za fisi maji ambazo zikitoka hapo hazina pengine pa kwenda. Afisa mmoja, kwa upole kabisa, alifungua kitabu cha tathmini, akasema mama, wataalamu walifika, wenyeji wenyewe walihojiwa, akasoma kwamba ghuba haina mazalia ya samaki wala wanyama wa kutajwa, kwa maelezo ya Shigela Ngosha, miaka hamsini na mitatu, mvuvi na mwanachama wa BMU.

Justa aligeuka kumtafuta mdogo wake katikati ya watu, akampata. Mwakilishi wa kampuni aliuliza kama huyo Shigela yupo, akasimama, akaulizwa kama maelezo ni yake, akasema ndiyo, akaulizwa kama ana lolote la kuongeza au kurekebisha, na Shigela, mwenye ulimi mrefu, mcheshi wa mwalo, akaangalia kandambili zake, akasema hana. Vijana wa nyuma wakapiga mluzi wakisema mama huyu ana wivu na maendeleo, hata mdogo wake wa tumbo moja anamkana. Justa akakaa chini.

Jioni alimwita mdogo wake kula. Aliweka ugali na sato wa kuchemsha, akamnawisha mikono, akamngoja amalize tonge la kwanza, ndipo akamuuliza mbona alisema vile, na Shigela akajibu kwamba alidhani ni doria. Jamani, Justa alicheka, alicheka mpaka machozi, akashika ubavu, kwa sababu na yeye alikuwa mtu wa ziwani, alilijua jibu la doria tangu kwa Mzee Ngosha, na alipoambiwa habari ya kikohozi alicheka zaidi. Halafu akapangusa macho, akasema basi nenda kaseme hivyo hivyo, Shige, ulidhani ni doria, watacheka kama nilivyocheka mimi na yataisha. Shigela akasema atakwenda Jumatatu.

Hakwenda Jumatatu hiyo, wala iliyofuata. Kwanza aliogopa kushtakiwa kwa kutoa taarifa za uongo, kisha aliona aibu kuchekwa Mwaloni Kirumba na watu wanaomheshimu kwa mitumbwi yake, kisha tarehe 1 Aprili 2022 kampuni ikamwita, ikasema inahitaji mzee mwenyeji, mwelewa, anayeunga mkono mradi, awe msimamizi wa walinzi, akapewa koti la kijani, buti na rungu, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia Shigela akiitaja Jumatatu. Tunamsema marehemu leo, lakini ukweli ni kwamba kwa miaka mitatu iliyofuata alitembea peke yake kwa sababu mtu mmoja alikataa kusema sentensi moja.

Justa aliandika barua kwenye ofisi za mtaa, kata, halmashauri na mazingira, zote kwa mwandiko wake wa darasa la saba, mzuri, wa kuinama kidogo. Obedi alimpigia picha za fisi maji na korongo kwa simu, akazipeleka, akaambiwa picha inaweza kupigwa popote, na maelezo ya wenyeji yako wazi. Watoto wa shule walimpachika jina la Mama Fisi Maji, wakubwa wakalidaka, na walinzi wa getini wakawa wakimwona anapita na bahasha yake wanapiga mluzi kumwigiza huyo mnyama, na msimamizi wao, ambaye angeweza kuwanyamazisha kwa neno moja, alicheka nao. Justa alimsikia akicheka, maana alikuwa hatua kumi tu. Alimsalimia mdogo wake kama kawaida, akamuuliza kama buti hazimbani, akaendelea na safari yake ya miguu iliyokwisha kuanza kuvimba.

Tarehe 21 Septemba 2023 mtambo wa kuchimba uliingia upande wa mashariki wa ghuba na kufyeka mafunjo kiasi cha kiwanja kimoja cha mpira, ukingo ukaporomoka, na saa nne asubuhi Shigela, akizunguka eneo lake la ulinzi, aliwakuta fisi maji watatu wamefukiwa nusu kwenye udongo, mama na watoto wawili, wamekufa. Alijua mara moja alichokiona. Huo ndio ulikuwa ushahidi ambao dada yake aliambiwa kila ofisi kwamba hana, si picha, si maneno, miili yenyewe, mahali penyewe, na kutoka pale hadi kwa Justa ni mwendo wa dakika tano. Shigela alichukua koleo, akachimba shimo, akawazika, akasawazisha udongo kwa buti za kampuni, na mchana alikula chakula chake chote. Habari hiyo aliifahamu yeye peke yake hadi saa hii mnapoisikia, isipokuwa Gladness, aliyeisoma humu jana usiku na kuomba isiondolewe.

Hata bila miili hiyo Justa alipigana, Oktoba 2023 alipata zuio la muda, mtambo ukasimama, na malalamiko yake yakapangiwa kusikilizwa. Yalipangwa tarehe 14 Machi 2024 yakaahirishwa, yakapangwa 18 Julai yakaahirishwa, yakapangwa 7 Novemba yakaahirishwa, na kila mara alijiandaa, alipiga pasi gauni lake la kitenge cha bluu, akafika, akaambiwa arudi. Tarehe ya sasa ni Alhamisi ijayo, tarehe 27 Februari 2025, saa tatu asubuhi, na mlalamikaji akikosekana na shahidi akikosekana, zuio linaondolewa na mtambo unaingia kwenye mafunjo yaliyobaki.

Afya ya marehemu ilianza kudhoofika Juni 2024, miguu ikavimba mpaka magotini, pumzi ikawa fupi, madaktari wakagundua moyo umepanuka, akawa mtu wa kwenda kliniki na kurudi, na tarehe 28 Januari 2025 alilazwa hospitalini hapa Mwanza, maji yakiwa yameingia kwenye mapafu. Alhamisi tarehe 13 Februari Shigela alikwenda kumwona, na Mungu ni shahidi alikwenda na nia ya kuongea, aliyapanga maneno njia nzima, akamkuta ameegemea mito mitatu, yuko macho, akili timamu. Justa akamuuliza kama amekula, akamwambia achukue ndizi pale juu ya kabati, akamuuliza Alhamisi ile ya tarehe ishirini na saba itakuwaje, kwa sababu miguu haitaki, je, atampeleka. Shigela akadhani anaulizwa habari ya usafiri, akasema atatafuta bajaji, akala ndizi yake, na yale maneno yote akarudi nayo nyumbani.

Justa Ngosha alifariki dunia Jumapili tarehe 16 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, Akinyi akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi kumi na siku mbili.

Juzi, akina Gladness walipofungua makaratasi yake kutafuta cheti cha ubatizo, walikuta jalada la malalamiko, na ndani yake nakala za fomu za mashahidi, moja ya Machi, moja ya Julai, moja ya Novemba na moja ya Februari hii. Katika zote nne, kwa mwandiko ule ule wa kuinama, shahidi namba moja ameandikwa Shigela Ngosha, mdogo wangu, na mbele ya jina, kwenye nafasi ya kueleza shahidi anajua nini, ameandika kwamba anaijua ghuba yote, atasema mwenyewe. Mara tatu alipiga pasi gauni lake, akaenda, akakaa kwenye benchi akitazama mlango, akiamini kwamba safari hii ataingia, na Shigela alikuwa getini amevaa koti la kijani. Alipouliza je, atampeleka, hakuwa anauliza bajaji. Gladness alimpa Shigela zile fomu, akamwachia chumba, na huko chumbani kilichotokea hakihitaji kusomwa hapa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa uvumilivu, inamshukuru Mchungaji na kwaya, inawashukuru majirani mliolala nje nasi siku zote hizi tatu, akina mama wa dagaa ambao tangu Jumapili hawajamruhusu Gladness kushika sufuria, na wanakikundi wa BMU, ambao walimwamini katibu wao hata ilipokuwa aibu kumwamini. Kampuni inashukuriwa kwa turubai hili na viti mia mbili, vilivyopokelewa na Shigela bila kumuuliza yeyote, na ambavyo marehemu asingevikalia, vitarudishwa leo baada ya maziko, pamoja na koti, rungu na buti, ambazo zimeoshwa.

Maafisa mliofika kuhani, wakiwemo waliokuwepo kwenye mkutano ule, mnaombwa radhi kwa kuyasikia haya mahali pasipo pa kikao, na majibu ya tarehe 9 Juni 2021 yanarekebishwa mbele yenu kama ifuatavyo, kwamba samaki wanazaa, kwamba korongo wapo, jozi nane msimu uliopita, kwamba wenyeji wanakula kwa sababu ya mafunjo yale, kwamba fisi maji walikuwepo familia tatu na sasa ni mbili, na ile ya tatu Shigela ataonyesha ilipozikwa kwa yeyote atakayekuja na koleo. Ameelezwa kwamba anaweza kufunguliwa mashtaka, na amejibu kwamba wanaotaka kumkamata wamkamate, ila wamngojee hiyo Alhamisi atoe kwanza ushahidi na atoke kwenye chumba cha kusikilizia malalamiko ya dada yake.

Dada yake alimpa kila alichokuwa nacho na kumwomba kitu kimoja tu, na amekileta leo, wakati mwenyewe amelala kwenye sanduku na hasikii, mbele ya watu waliomzomea na yeye akiwa mmoja wao. Msimsifu kwa hilo, tafadhali, wala mtu asije kumshika mkono na kumwambia pole.

Pumzika, dada Justa. Amani yenyewe Shigela hathubutu kukuahidi kabla ya Alhamisi.